Nani Alikuwa Mgeni? Historia ya Thanksgiving, Kutoka Plymouth Mpaka Mabweni ya Vyuo

 Mada ya mwezi huu mliiomba wenyewe. Kila Novemba simu zetu hujaa picha za watu tuliosoma nao dawati moja. Leo wako vyuoni Iowa, Kentucky, Texas, wamekaa kwenye meza ndefu na familia ya rafiki wa chuo, na katikati kuna bata mzinga mkubwa kama mwanambuzi. Tukiwauliza hiyo Thanksgiving ni nini hasa, wanajibu: ni siku ya kula na familia, basi. Anayeshukuriwa ni nani, na kwa lipi, hapo kila mtu anakuwa na jibu lake.

Tukaanza kusoma. Kumbe hadithi yenyewe inaanza na wakimbizi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1600 kulikuwa na Waingereza waliokataa kusali katika kanisa la mfalme wao. Walikuwa wakikutana kwa siri, wakikamatwa wanafungwa. Mwaka 1608 kundi moja likavuka bahari kwenda Uholanzi, na 1609 wakahamia mji wa Leiden, wakakaa huko kama miaka 11. Hebu sikilizeni maisha yao. Kazi zilikuwa za kufuma na kushona nguo kwa malipo madogo. Wazee walichakaa kabla ya wakati. Watoto walianza kuongea Kiholanzi na kufuata tabia za vijana wa mji, wazazi wakaogopa kwamba kizazi kimoja tu kikipita hakuna atakayejua walitoka wapi. Juu ya hapo kulikuwa na minong'ono kwamba vita na Hispania vitarudi. Hakuna aliyekuwa anawafukuza, lakini kesho yao hawakuiona. William Bradford, aliyekuja kuwa gavana wao, aliyaandika haya, na ukimsoma utadhani anaishi zoni ya tano hapa kwetu.

Wakaamua kuhama tena. Meli ya Mayflower iliondoka Uingereza Septemba 1620 na abiria 102. Karibu nusu yao hawakuwa hata watu wa kanisa lile, walikuwa wanatafuta maisha tu. Walifika pwani ya Massachusetts mwezi Novemba, baridi imeanza na chakula hakitoshi. Sasa hapa kuna jambo ambalo vitabu vya watoto vya Marekani huliruka: katika siku za mwanzo kabisa, wageni hawa walifukua ghala za mahindi ambazo wenyeji walizifukia ardhini, wakachukua. Walifukua na makaburi. Mahindi walikuja kuyalipa baadaye, lakini kwanza walichukua. Na bado njaa na magonjwa viliwamaliza: mpaka baridi inaisha, nusu yao walikuwa wamekufa. Wanawake watu wazima walibaki wanne.

Mahali walipojenga palikuwa kijiji. Kiliitwa Patuxet, kijiji cha watu wa taifa la Wampanoag (tafadhali tuache kuwaita Wahindi Wekundu kama vitabu vya zamani). Kati ya 1616 na 1619 ugonjwa wa mlipuko ulioletwa na meli za Ulaya ulipita pwani ile na kuua watu wengi mno, vijiji vizima vikabaki mifupa. Waingereza walipokuta mashamba yamekwisha kusafishwa na hakuna mtu, walisema Mungu amewaandalia. Wazee wa Burundi waliokimbia mwaka 1972, wakarudi baada ya miaka 30 na zaidi wakakuta mashamba yao yana watu wengine, wanajua sentensi kama hiyo inasikikaje kwa mwenye shamba.

Na mwenye shamba alikuwepo, mmoja. Huyu ndiye mtu aliyetufanya tuandike makala hii, kwa hiyo mtuvumilie tukikaa naye kidogo.

Jina lake Tisquantum. Wamarekani humwita Squanto, na kwenye michezo ya shule ni yule mwenyeji mwema anayetabasamu na samaki mkononi. Hawasemi alijifunzia wapi Kiingereza. Mwaka 1614 nahodha Mwingereza aliyeitwa Thomas Hunt aliwarubuni yeye na wenzake zaidi ya 20 wapande meli kama vile kwa biashara, akawafungia, akawapeleka Málaga, Hispania, kuwauza. Tisquantum aliponyoka kwa njia ambazo hazijulikani vizuri, akafika London, akaishi kwa mfanyabiashara mmoja, akajifunza lugha. Alichotaka ni kurudi kwao. Ilimchukua miaka mitano. Mwaka 1619 akafika Patuxet, akakuta kimya. Kijiji chote kimekufa au kimetawanyika. Mtu kahangaika kote huko kwa ajili ya nyumbani, na nyumbani hakuna.

Mwaka mmoja na ushee baadaye akawakuta Waingereza wamejenga juu ya kijiji cha mama yake. Akaenda kukaa nao. Akawaonyesha jinsi ya kupanda mahindi na kuyawekea samaki shimoni kama mbolea, na wapi pa kukamata mikunga. Bila yeye wengi wao wasingeuona mwaka wa pili. Baadhi ya waandishi wanamwita mnafiki, kwa sababu alikuwa mkalimani kati ya Waingereza na mkuu wa Wampanoag, Ousamequin, na akaanza kutumia nafasi hiyo kujijengea ukubwa, hadi Ousamequin akataka auawe. Inawezekana. Lakini sisi tuna wakalimani kwenye kundi hili, na wanajua kazi hiyo: kila upande unadhani umeuzwa kwa upande wa pili. Alikufa kwa homa Novemba 1622.

Sasa karamu yenyewe. Karibu kila tunachokijua kinatoka kwenye barua moja ya Edward Winslow ya Desemba 1621, na sehemu inayohusu karamu ni mistari michache tu. Mavuno yalipoingia, gavana alituma watu wanne kuwinda ndege. Ousamequin akafika na wanaume kama 90. Wakala na kusherehekea siku tatu, na wageni hao wakaenda kuwinda wakaleta kulungu watano. Ni hayo. Bata mzinga hatajwi kwa jina. Neno la siku ya shukrani halimo, maana kwa watu wale siku ya shukrani ilikuwa siku ya kusali kanisani, na hii ilikuwa ni kula na michezo.

Fanyeni hesabu. Waingereza walikuwa wamebaki kama 50. Wampanoag walikuja 90. Ardhi ni ya Wampanoag, mbegu na ujuzi wa kupanda mahindi yale ni wao, nyama kubwa wameileta wao. Halafu picha zote zinazochorwa zinaonyesha Waingereza wamewakaribisha mezani! Ni kama mtu uliyempa kona ya kulala akualike sebuleni kwako, na baada ya miaka watoto wasome kwamba yeye ndiye aliyekuwa mkarimu. (Dada zetu wameongeza kwamba chakula cha watu 140 kwa siku tatu lazima kilipikwa na wanawake wanne waliobaki na wasichana, na barua haiwataji. Wamesema tuandike hivyo hivyo.)

Hatutaki pia kumfanya Ousamequin malaika. Alikuwa kiongozi aliyepoteza watu wake kwa ugonjwa, na majirani zake Wanarragansett hawakuguswa, walikuwa na nguvu. Machi 1621 alifunga mkataba na Waingereza kwa sababu alihitaji rafiki mwenye bunduki. Aliwalisha na alikuwa na hesabu zake. Nchi zinazotupokea nazo zina hesabu zao, wala hilo si tusi. Chakula bado ni chakula.

Mkataba ulishika maisha yake yote. Baada ya yeye kufa, miaka ya 1660, Waingereza walikuwa maelfu kwa maelfu na wanataka ardhi. Mwanawe Metacom akaanzisha vita mwaka 1675. Agosti 1676 akauawa, na kichwa chake kikaletwa Plymouth siku waliyoitenga kumshukuru Mungu. Ndiyo, siku ya shukrani. Kikakaa juu ya mti kwa miaka mingi. Mtoto wake mdogo, mjukuu wa yule aliyeleta kulungu watano, akauzwa utumwani ng'ambo. Kutoka karamu mpaka hapo ni miaka 55.

Tulipofika hapo tulisimama, wengine wakasema tuache mada. Tumeendelea kwa sababu sikukuu inayoliwa leo ina mizizi mingine pia.

Ile ya kuwaza Plymouth ilikuja baadaye sana. Kwa miaka zaidi ya 200 karibu hakuna aliyeikumbuka karamu ya 1621. Mwaka 1841 mchungaji mmoja wa Boston, Alexander Young, alichapisha upya barua ya Winslow na chini ya ukurasa akaweka maelezo kwamba hii ndiyo Thanksgiving ya kwanza. Watu wakaishika. Lakini desturi yenyewe ya kula pamoja mwezi wa Novemba ilikuwepo tayari kaskazini mashariki, na maana yake ilikuwa kurudi nyumbani. Vijana walikuwa wameacha mashamba wakaenda viwandani, mijini na vyuoni, na siku hiyo moja walirudi kwa mama. Sarah Josepha Hale, mhariri wa gazeti la wanawake, aliandika barua kwa marais miaka mingi akitaka iwe siku ya nchi nzima. Mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Abraham Lincoln akakubali, akatangaza Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Tangazo lake halina Plymouth wala Wampanoag. Lina nchi iliyopasuka na wajane na yatima. Alhamisi ya nne, kama ilivyo leo, ni sheria ya 1941.

Na sisi tusijifanye hatuna vya kwetu. Rwanda kuna Umuganura, Burundi kuna Umuganuro, sherehe za kuonja mazao ya kwanza mbele ya mfalme. Wabelgiji waliijua nguvu yake: mwaka 1925 waliipiga marufuku Umuganura na kumhamishia Burundi Gashamura, mzee aliyesimamia ibada ile. Mtu kufukuzwa nchini kwake kwa sababu ya karamu! Siku hizi Rwanda wanaiadhimisha tena, Ijumaa ya kwanza ya Agosti.

Sasa vyuoni, maana wengi mliuliza hapo. Uhusiano wa chuo na Wampanoag ni wa zamani kuliko sikukuu yenyewe. Hati ya Harvard ya mwaka 1650 inasema chuo ni cha kuelimisha vijana wa Kiingereza na wa wenyeji. Mwaka 1665 Mwampanoag mmoja, Caleb Cheeshahteaumuck, alihitimu pale. Alikufa mwaka uliofuata kwa kifua kikuu. Mwenzake wa darasa moja na wa kisiwa kimoja, Joel Iacoomes, alikwenda kuwaona wa nyumbani kabla ya mahafali, akauawa njiani akirudi. Shahada yake ilitolewa mwaka 2011. Tunawaza vijana wawili tu, darasani kwa Kilatini, ugali wao uko mbali.

Miaka ya 1870 wanafunzi wa vyuo walianza kucheza mechi kubwa siku ya Thanksgiving, ule mpira wa Kimarekani wa kushika kwa mikono. Yale na Princeton walikuwa wakijaza makumi ya maelfu ya watu New York, na ndiyo maana mpaka leo wanaume wakishashiba wanahamia kwenye televisheni. Mwaka 1939 rais Roosevelt alipoiwahisha siku hiyo kwa wiki moja ili watu wapate muda wa kununua vitu vya Krismasi, baadhi ya majimbo yakakataa, na likizo za vyuo zikagongana na likizo za wazazi. Walimu wa mpira walilalamika kuliko maaskofu.

Lakini sikukuu ya kurudi nyumbani ina swali lake: asiye na pa kurudi je? Septemba 1959 ndege iliyoandaliwa na Tom Mboya na marafiki zake Wamarekani ilipeleka wanafunzi 81 kutoka Afrika Mashariki, wengi wao Wakenya. Thanksgiving ya mwaka ule ilikuwa tarehe 26 Novemba. Walikuwa hawajamaliza hata miezi mitatu. Vyuo vingi hufunga mabweni na mabwalo siku hizo, kwa hiyo mwanafunzi wa mbali anabaki na mambo mawili: kutafuta pa kulala, au kusubiri rafiki aseme twende kwetu. Hapo ndipo mtu anajua rafiki ni nani. Na wale waliobaki bila kualikwa wakaanza kujipikia wenyewe kwa wenyewe. Siku hizi wamelipa jina, Friendsgiving, yaani wamechukua neno la rafiki wakaliunganisha na la shukrani. Neno hilo ni la miaka ya 2000, lakini jambo lenyewe ni la zamani.

Dada yetu anayesoma uuguzi alialikwa na mwenzake wa chumba. Kabla ya kula kuna desturi: mmoja mmoja anasema anashukuru kwa nini. Alituambia moyo ulianza kwenda mbio, maana anajua wanachosubiri kwa mkimbizi. Wanataka ile hadithi kubwa, machozi kidogo, na asante Marekani mwishoni. Bibi wa nyumba akashukuru kwa goti jipya alilowekewa hospitali. Mjomba akashukuru timu yake imeshinda. Ilipofika zamu yake akasema anashukuru amefaulu mtihani wa anatomia. Wote wakapiga makofi, chakula kikaanza. Anasema ni mara ya kwanza maishani kutoa shukrani ya ukubwa wa kawaida.

Ndugu wahudumu wa mashirika mnaotusoma, na tunajua mpo, hapo tunaomba msikie. Mwaka 1970 jimbo la Massachusetts liliandaa karamu ya miaka 350 tangu Mayflower ifike, wakamwalika Mwampanoag mmoja atoe hotuba. Wamsutta Frank James, mwalimu wa muziki. Waliiomba hotuba waisome kwanza. Ndani alikuwa ameandika habari za makaburi kufukuliwa, mahindi kuchukuliwa na ardhi kupotea. Wakaikataa, wakamwandalia nyingine. Akakataa kuisoma. Siku ya Thanksgiving mwaka ule yeye na wenzake wakakusanyika kwenye kilima kinachotazama bandari ya Plymouth, wakaiita Siku ya Kitaifa ya Maombolezo. Mpaka leo inafanyika kila mwaka, saa zilezile nchi inapokata bata mzinga.

Sisi tunazo hotuba za aina hiyo. Juni moja, Siku ya Wakimbizi, mwenzetu alichaguliwa kusema mbele ya wageni wakubwa. Karatasi yake ilirudishwa na ofisi moja ikiwa na mistari iliyokatwa, ile ya mgao kupungua. Shukrani zilibaki zote. Aliisoma ilivyo, kwa sababu ana wadogo zake. Hatumlaumu hata kidogo.

Na Wampanoag wapo jamani, wengine wanadhani waliisha. Lugha yao ilikuwa imekaa zaidi ya miaka 100 bila msemaji. Mwaka 1993 mama mmoja wa kwao, Jessie Little Doe Baird, alianza kuifufua akitumia hati za zamani za mashamba na Biblia iliyochapwa kwa lugha hiyo mwaka 1663 kule kule Harvard. Binti yake amekua akiisema nyumbani.

Kwa wenzetu walio vyuoni, mwaka huu meza itakuwa ya marafiki zaidi kuliko familia. Januari 2025 amri ya rais ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na kuna mama na wadogo waliokuwa wamekwisha pimwa afya, wameuza na sufuria, sasa wako hapa hapa wanaazima sufuria. Watoto wao wako huko na kitambulisho cha chuo. Kwa hiyo wanapika wao: Wakongo wawili, Mrundi, msichana wa Nepal na yule mwenzao wa chumba ambaye mwaka huu hataki kwenda kwao. Bata mzinga ataletwa na huyo. Ndagala zimepatikana duka la Waafrika, na sombe ya barafu. Wametutumia ujumbe wa sauti tumuulize mama mmoja hapa jirani, sombe iliyokwisha twangwa na kugandishwa inapikwa muda gani. Mama kasema waichemshe mpaka harufu ya ubichi iishe, mawese watie mwisho, na wasimwache yule wa bata mzinga aiguse chumvi.